Makorongo ya Kamenice: Msitu unapokufa, njia hufungwa

Kwa zaidi ya karne moja wageni wamepita kwa miguu na kwa mashua kati ya kuta za mawe za mto Kamenice, katika Jamhuri ya Czech, hatua chache kutoka mpaka wa Ujerumani. Moto mkubwa wa mwaka 2022 ulikatiza desturi hiyo na kuacha swali gumu: msitu uliokufa juu ya vichwa vya watu uachwe kama ulivyo, au ukatwe?

Anayepanda treni ya S1 kutoka Dresden na kushuka katika kituo cha mwisho, Schöna, huona ng'ambo ya mto Elbe kijiji kilichobanwa katikati ya majabali. Hicho ni Hřensko, cha upande wa Czech. Kivuko kidogo huwavusha watembeaji, na kwa dakika chache tu mtu huwa amebadilisha nchi. Hapo ndipo Kamenice unapomwaga maji yake katika Elbe, na hapo ndipo huanzia njia za eneo linaloitwa Uswisi ya Bohemia.

Jina hilo huwashangaza wengi, kwani Uswisi yenyewe iko mbali. Lilitokana na wachoraji wawili wazaliwa wa Uswisi, Adrian Zingg na Anton Graff, waliofika Dresden mwaka 1766 kufanya kazi katika chuo cha sanaa. Walipozizuru milima hii waliona inawakumbusha kwao, na jina likashika pande zote mbili za mpaka. Leo kila upande una hifadhi yake ya taifa: Uswisi ya Saxony nchini Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1990, na Uswisi ya Bohemia nchini Czech, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Makorongo yalivyotokea

Mawe ya eneo hili ni mchanga ulioganda. Takriban miaka milioni 100 iliyopita palikuwa na bahari, na mchanga uliotua chini yake ulishindiliwa hadi ukawa mwamba. Bahari ilipojitenga na ardhi kuinuka, maji ya mito yalianza kuukata mwamba huo kwa kufuata nyufa zake. Ndiyo maana mabonde ni membamba na kuta zake zimesimama wima. Kazi hiyohiyo ya maji, baridi na upepo ndiyo iliyotoboa Pravčická brána, tao la mawe lenye upana wa mita 26.5, linalohesabiwa kuwa kubwa kuliko matao yote ya asili ya mawe ya mchanga barani Ulaya. Tangu mwaka 1982 hairuhusiwi kutembea juu yake, kwa kuwa nyayo za watu zilikuwa zikiumaliza mwamba.

Chini ya makorongo hali ya hewa ni nyingine kabisa. Jua hufika kwa nadra, na hewa baridi hutuama kama maji ndani ya mtungi. Kangaga na miti ya sprusi, jamaa ya msonobari ipendayo ubaridi, humea bondeni, ilhali misonobari inayostahimili ukame husimama juu ya majabali. Anayepanda kutoka mtoni hadi kileleni hupita tabaka za mimea kwa mpangilio uliopinduka, tofauti na alivyozoea mpanda milima kwingineko.

Njia ya upondo

Kwa muda mrefu bonde la Kamenice lilidhaniwa halipitiki. Inasimuliwa kuwa mwaka 1877 wanaume watano waliwekeana dau katika nyumba ya wageni ya Hřensko, wakashuka mto kwa vyelezo na kufika salama. Baada ya hapo mwambao ulichongwa njia, mahandaki yakatobolewa na madaraja yakajengwa. Korongo la Edmund lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1890, na lile linaloitwa Korongo la Mwitu likafuata mwaka 1898. Pale ambapo kuta hazikuacha nafasi ya mguu, watembeaji walipanda mashua bapa zilizosukumwa kwa upondo. Wasukuma mashua hao, waliojua kila jiwe na kuwasimulia abiria habari zake, wakawa sehemu ya safari kama ulivyo mto wenyewe.

Moto wa Julai 2022

Tarehe 24 Julai 2022 moto ulizuka msituni karibu na Hřensko. Ulivuka hadi upande wa Ujerumani, ukateketeza nyumba katika kijiji cha Mezná, na kuunguza zaidi ya hekta 1,000 upande wa Czech pekee. Ndege za kuzimia moto zilitoka hata Italia. Hadi wazimamoto walipotangaza tarehe 12 Agosti kuwa umezimwa, ulikuwa umehesabiwa kuwa moto mkubwa zaidi wa msitu katika historia ya karibuni ya nchi hiyo. Tao la Pravčická brána lilinusurika. Baadaye polisi walimshitaki mtu aliyewahi kuwa mlinzi wa kujitolea wa hifadhi hiyo, kwa tuhuma za kuuwasha makusudi.

Hata hivyo, moto ulikuta msitu uliokwisha kuugua. Vizazi vilivyopita vilipanda sprusi kwa wingi kwa ajili ya mbao, hata mahali pakavu ambapo mti huo haukustahili. Ukame ulioanza mwaka 2018 uliidhoofisha miti, na mbawakawa wanaotaga mayai chini ya magome wakaimaliza. Milima mizima ikageuka rangi ya kijivu.

Hapo ndipo wenyeji na wahifadhi wanapotofautiana. Wakosoaji husema miti iliyokufa ilipaswa kuondolewa mapema, kwani kuiacha ni kuulimbikizia moto kuni. Wanaoitetea hifadhi hujibu kwamba gogo linalooza huhifadhi unyevu na ni makao ya ndege, wadudu na kuvu, na kwamba kosa la asili lilikuwa kupanda sprusi mahali pasipoifaa. Wanaongeza kuwa katika ardhi iliyoungua, mimea ilichipua ndani ya msimu mmoja: kangaga kwanza, kisha miche ya miti ya majani mapana ambayo haikupandwa na mtu.

Hoja hizo mbili hukutana katika makorongo. Miti mikavu iliyosimama ukingoni mwa majabali huweza kuanguka wakati wowote juu ya njia na mashua zilizo chini, na kuikata kwenye mteremko wa wima ni kazi ya hatari na ya gharama kubwa. Kwa hiyo msimu wa utalii wa 2023 ulipita makorongo yakiwa yamefungwa, na wa 2024 vilevile. Kwa kijiji kinachoishi kwa wageni, hilo lilimaanisha tiketi zisizouzwa na mashua zilizofungwa gatini.

Wasikilizaji kutoka Kenya watalikumbuka korongo la Hell's Gate, ambako mafuriko ya ghafla ya mwaka 2019 yaliua watu 7 na korongo likafungwa. Sababu ni tofauti, lakini funzo ni moja: katika bonde jembamba hakuna pa kukimbilia, na anayefunga njia huwa amepima uhai dhidi ya riziki.

Kwa anayekusudia kwenda

Hali ya njia hubadilika, hivyo ni busara kusoma tangazo la hifadhi kabla ya kuanza safari na kutolivuka zuio lolote, hata kama njia inaonekana shwari. Siku ya upepo mkali msitu wa miti mikavu si mahali pa kutembea. Kuwasha moto au kuvuta sigara msituni hakuruhusiwi. Kukitokea ajali, nambari ya dharura ni 112 pande zote mbili za mpaka, ingawa mtandao wa simu huweza kupotea chini ya kuta za mawe. Ni vyema basi mtu amwambie mwenzake aliyebaki nyumbani njia anayoifuata na saa anayotarajia kurudi.