Nani Kapewa Kinywa Gazetini?

Kilichonivuta Nemba, wilayani Biharamulo, ni karatasi ya kufungia maandazi. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, aliyeniomba nisimtaje jina, huyaokoa magazeti makuukuu dukani kabla hayajalowa mafuta, akayapeleka darasani na kuwaagiza vijana wapige mstari wa penseli chini ya kila mtu aliyepewa nafasi ya kusema, kisha daftarini waorodheshe waliosemwa pasipo kusema. Nilikishika kipande kimoja, chenye doa la mafuta pembeni, kilichohusu wakimbizi: kiongozi alisema, askari akasema, mwenyekiti wa kijiji akasema, ilhali mkimbizi, ambaye ndiye maudhui ya habari nzima, hakuambulia hata neno. Binti aliyekisoma alikuwa ameandika katika orodha yake neno moja tu: "wao".

Gazeti halikusema uongo, mwalimu alisisitiza. Huenda kila sentensi ni kweli tupu, na hapo ndipo penye mashaka, kwani uongo kijana aweza kuunasa, lakini ukweli uliochaguliwa humpenya asihisi.

Mkoani Kagera, iliko Biharamulo, hatari hii haihitaji maelezo marefu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, wakitoka katika nchi iliyokuwa katikati ya mauaji ya kimbari, ambako RTLM, redio iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilikuwa ikiwaita Watutsi mende. Mmoja wa waasisi wake, Ferdinand Nahimana, mwanahistoria msomi, alihukumiwa mjini Arusha tarehe 3 Desemba 2003, na jaji akamwambia kwamba amesababisha vifo vya maelfu pasi na bunduki wala panga. Lakini mwalimu hupenda kuanzia nyuma zaidi: redio ile ilipendwa kwanza kwa muziki na mizaha ya watangazaji wake, na msikilizaji aliyekwisha kuipenda hakuwa tena na hadhari.

Naiona kazi hii kuwa adhimu, ijapokuwa haimo katika mtihani. Hata hivyo, kijana mmoja aliuliza: mwandishi akimpa muuaji mistari kumi, na jamaa ya marehemu mistari kumi, je, hiyo ndiyo insafu? Mwalimu aliwaachia walijadili swali hilo wiki nzima, naye akanikiria kwamba jibu la kuwapa hajalipata. Swali jingine nililizusha mimi: taarifa za simuni, zinazozagaa pasipo mwandishi wala msemaji, penseli ipige mstari chini ya nani?