Paneli ya Pili juu ya Paa la Gari-Nyumba

Kila mwaka, ifikapo majira ya baridi huko Amerika ya Kaskazini, watu wengi, aghalabu wastaafu, huyahama majimbo yenye theluji wakaenda kupiga kambi katika jangwa la Arizona, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, ambako serikali ya Marekani imetenga ardhi ya umma iitwayo La Posa kwa wageni wa muda mrefu, tangu tarehe 15 Septemba hata tarehe 15 Aprili. Huja na magari-nyumba, yaani magari yaliyojengewa ndani yake jiko, kitanda na choo. Na kwa kuwa kambini hamna umeme wa kuchomekea waya, nuru ya jua iangukayo juu ya paa ndiyo rasilimali kubwa ya msafiri asiyependa kelele na moshi wa jenereta.

Magari mengi ya namna hii huwa na paneli moja tu, na mwenye gari, aonapo taa zimefifia na friji imezima kabla ya alfajiri, hukata shauri kuongeza ya pili. Ni shauri jema, lakini paneli ni kiungo kimoja tu katika silsila ndefu: umeme hutoka juu ya paa, ukapita katika nyaya, ukaingia katika chaji kontrola inayoupima na kuupunguza kwa kadiri ya haja, kisha ukahifadhiwa katika betri ya nyumba yenye volti 12, ambayo ni mbali na ile ya kuwashia injini. Atakayeongeza nguvu upande mmoja bila kutazama kama pande nyingine zinaweza kuipokea, huenda akatumia fedha nyingi na faida asiione.

Basi tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopitiwa. Tuchukue gari la watu wawili, lenye friji ya kompresa inayotumia ampea-saa 40 kwa siku, na taa, feni, pampu ya maji, simu na kompyuta zinazotumia 20 nyingine. Jumla ni 60, ambazo kwa volti 12 ni wati-saa 720. Sasa, mwezi wa Desemba, jua la adhuhuri huko Quartzsite halipandi juu ya upeo wa macho zaidi ya takriban digrii 33, hata paneli iliyolazwa bapa juu ya paa hupata kwa siku nzima nuru yenye thamani ya saa 3 hivi za jua kamili, ilhali mwezi wa Juni ingepata kama saa 8. Paneli ya wati 100 itatoa basi wati-saa 300, na zikiondolewa hasara za nyaya, vumbi na betri, zitasalia kama 230, ambazo hazifiki theluthi ya mahitaji. Ukiongeza paneli ya pili iliyo sawa nayo utafikia 460, nawe ungali na upungufu mkubwa. Lakini paneli zote mbili zikiinuliwa upande mmoja zikaelekezwa kusini, saa 3 zile hukaribia kuwa 5, na mapato ya siku huvuka wati-saa 750. Kwa hiyo naona kwamba vyuma vya kuinulia paneli, ambavyo bei yake ni ndogo, vina haki ya kununuliwa pamoja na paneli yenyewe, wala visiachwe hata mwaka ujao.

Linalofuata ni namna ya kuziunganisha paneli hizo, nalo ndilo lenye ubishi mwingi miongoni mwa wasafiri. Paneli ya kawaida ya wati 100 hutoa, inapofanya kazi, takriban volti 18 na ampea 5.5. Zikiunganishwa mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki 18 na ampea huwa 11. Zikiunganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti huwa 36 na ampea hubaki 5.5. Nguvu ni ile ile, lakini tabia zake zahitilafiana. Paneli za mfululizo ni kama wasafiri walioshikana mikono katika njia nyembamba, ambao mwendo wa wote huwa ni mwendo wa aliye mzito wa miguu: kivuli cha antena au cha mashine ya kupozea hewa kikiangukia moja, nyingine nayo huathirika. Zilizo sambamba kila moja hufanya kazi yake, na kwa paa lililojaa vitu hiyo ndiyo njia niipendayo.

Hata hivyo mfululizo una fadhila yake, kwa sababu nguvu inayopotea katika waya hufuata kipeo cha pili cha ampea. Ampea zikipungua nusu, hasara hushuka hadi robo. Katika waya wa milimita mraba 4 wenye mita 5 kwenda na 5 kurudi, ampea 11 hupoteza wati 5 hivi, ilhali ampea 5.5 hupoteza wati moja na kidogo. Ila mfululizo wahitaji chaji kontrola ya aina ya MPPT, ambayo huzigeuza volti za ziada kuwa ampea za kuchajia. Ile ya PWM huishusha paneli hadi volti za betri, na zilizozidi huwa zimepotea bure. Aidha sharti ikumbukwe kwamba baridi huzidisha volti: paneli mbili ambazo, bila mzigo, husoma jumla ya volti 45 katika nyuzi 25 za joto, zitapita 48 asubuhi yenye nyuzi sifuri, nayo majangwa huwa na asubuhi za namna hiyo. Kontrola isiyostahimili kiasi hicho huungua.

Paneli mpya ikiwa ya ukubwa mwingine au volti nyingine, nashauri ipewe kontrola yake peke yake, kisha zote mbili zipeleke umeme katika betri ile ile. Zitafanya kazi pamoja bila kugombana.

Juu ya paa, paneli iachiwe nafasi chini yake ili hewa ipite, kwa kuwa joto huipunguzia nguvu, na kila tundu la skrubu lizibwe vema kwa dawa ya kuzuia maji. Fyuzi iwekwe karibu na betri, maana betri ndiyo yenye uwezo wa kuwasha moto waya ukigusana. Betri ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu ya ujazo wake. Ile ya lithiamu huvumilia zaidi, lakini isichajiwe asilani ikiwa imeshuka chini ya nyuzi sifuri. Wakati wa kuunga, paneli zifunikwe kwa blanketi, kontrola iungwe kwanza na betri ipate kuzitambua volti zake, na ndipo waya za paneli zifuate. Wakati wa kufungua, paneli zitangulie kutolewa.

Kisha blanketi liondolewe mchana, betri ikiwa bado haijajaa, na kipimo cha kontrola kitazamwe: ikiwa ampea hazikuongezeka kwa kadiri ya paneli iliyoongezwa, kivuli kitafutwe kwanza, kisha viungo vya waya, kabla ya kumlaumu muuza paneli.