Ndanda ilishuka daraja, shabiki hakuvua jezi

KWA misimu sita mfululizo, kuanzia 2014/15 hadi 2019/20, jina la Ndanda lilisomwa kila wiki kwenye msimamo wa Ligi Kuu Tanzania Bara. Mara nyingi ulilazimika kushusha macho chini ndiyo ulione. Lakini kwa watu wa Masasi na Newala, kule kusomwa tu lilikuwa jambo kubwa.

Wengi wanadhani Ndanda ni jina la timu basi. Ndanda ni mahali, ndani ya Wilaya ya Masasi, chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Panajulikana kwa misheni ya Wabenediktini, hospitali na shule ya sekondari. Timu ikawa inachezea Mtwara mjini, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, lakini jina ilibaki nalo.

Mechi ya kwanza kabisa ya Ligi Kuu, Septemba 2014, Wana Kuchele walisafiri hadi Shinyanga na kuichapa Stand United mabao 4-1. Hao walikuwa wageni wenzao, wamepanda daraja msimu huohuo. Kusini ikalipuka. Watu wakaanza kupiga hesabu za ubingwa wakati ligi ndiyo kwanza ina wiki moja.

Hesabu hizo hazikufika mbali. Yaliyofuata ni maisha ya timu ndogo: leo unashinda, kesho unapigwa, ligi ikikaribia kuisha unashika kalamu kuona nani akifungwa wewe unapona. Misimu mitano Ndanda ilipona.

NJIA NDEFU, MFUKO MDOGO

Shabiki wa Newala aliyetaka kuiona timu yake Nangwanda hakuwa na safari nyepesi. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina kilomita 210, na miaka ile sehemu kubwa ilikuwa vumbi tupu. Mvua ikinyesha ni utelezi. Mtu anaondoka alfajiri, anapita Tandahimba, anakwenda kuangalia sare tasa, halafu anarudi usiku.

Timu nayo ilikuwa na safari zake. Kutoka Mtwara kwenda kucheza Mwanza au Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,500 kwenda tu. Msimu wa 2018/19 ligi yenyewe ilichezwa bila mdhamini mkuu. Klabu zenye matajiri zilijikaza, zile za mikoani zikaishi kwa mapato ya mlangoni na michango.

Ndani ya msimu huohuo wa shida, Septemba 15, 2018, Simba iliyokuwa bingwa mtetezi ilitua Nangwanda na kutoka 0-0. Hapo ndipo ushabiki wa Kusini ulipojulikana. Maana ukweli usemwe: Masasi na Newala, kama kwingine nchini, mtu huzaliwa Simba au Yanga kwanza. Kwenye kibanda umiza chochote utawakuta wamegawanyika nusu kwa nusu. Ila Mnyama akija Mtwara, shabiki wake mwenyewe anabaki njia panda. Timu ya Kariakoo ameichagua, Ndanda ni kwao.

WIKI NZITO YA JULAI

Kisha ikaja Julai 2020. Usiku wa Julai 23 kuamkia 24, Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mtoto wa Masasi, alifariki dunia. Julai 26 ligi ikafungwa, na Ndanda ikawa miongoni mwa timu nne zilizoshuka moja kwa moja, pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United. Siku mbili baadaye Rais John Magufuli akatangaza Uwanja wa Taifa upewe jina la Mkapa. Julai 29 Mzee akazikwa kijijini kwao Lupaso, Masasi.

Ndani ya wiki moja, jina moja la Masasi liliondoka Ligi Kuu, na jingine likapanda kwenye uwanja mkubwa kuliko yote nchini.

Agosti 2 mwaka huohuo, jirani zao Namungo wa Ruangwa, Lindi, walipoteza fainali ya Kombe la FA kwa Simba mabao 2-1 mjini Sumbawanga. Wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafika hatua ya makundi na kumaliza bila pointi hata moja. Kusini bado wanaisimulia safari ile kwa kifua mbele, maana wachezaji wa Ruangwa walivaana na Raja Casablanca na Pyramids.

Kuna wanaowacheka mashabiki wa namna hii. Wanauliza kombe liko wapi. Swali ni halali, na jibu lake ni kwamba kombe halipo. Kilichopo ni kwamba kwa miaka sita kijana wa Newala aliyekuwa kibaruani Dar es Salaam alikuwa na timu ya kuitetea kwenye mabishano ya kijiweni, bila kuazima timu ya mji wa watu.

Tangu ishuke, Ndanda haijarejea Ligi Kuu. Jezi za msimu ule wa kwanza zimepauka, nyingine zinavaliwa shambani wakati wa kuokota korosho. Ukimwona mtu nayo, mtaje Stand United. Atakupa zile 4-1 zote, bao baada ya bao.