Funza ndani ya embe, na nzi dume asiyeweza kuzaa

Umetoka kununua leso Biashara Street na jua la saa saba halina huruma. Unasimama kwa mama wa embe, unaagiza la pilipili na chumvi. Anapasua ngowe moja. Nje safi, hamna hata doa. Ndani, funza wanajinyonganyonga! Mama analitupa kwenye ndoo bila kusema neno, anachukua jingine. Ndoo ikijaa, ndiyo faida yake imeenda hivyo.

Sasa hao funza waliingiaje na ganda halina tundu?

Mama yao ni nzi wa matunda, kitaalamu Bactrocera dorsalis. Asili yake ni Asia, na hapa Kenya aligunduliwa mwaka 2003, tena pwani yetu hii hii. Jike hudunga ganda embe likiwa bado mtini, anataga mayai ndani, halafu huyoo, anaenda zake. Mayai yakianguliwa, funza wanakula nyama ya embe, kisha wanaingia mchangani na kutoka wakiwa nzi. Kwa sababu yake, mwaka 2014 Kenya ilisitisha kupeleka maembe soko la Ulaya. Yalirudi 2021. Miaka saba hiyo!

Kupuliza dawa pekee hakutoshi, maana mayai na funza wamejificha ndani ya tunda. Ndiyo maana kuna wanasayansi waliojiuliza: na kama tungemzuia nzi asizae?

Hii si ndoto. Majirani zetu wa Unguja walifanya hivyo kwa mbung'o waliokuwa wakiambukiza mifugo nagana. Kuanzia 1994, madume waliofugwa maabara kule Tanga walipigwa miale, kisha wakamwagwa kisiwani kwa ndege. Dume alibaki hai na hamu yake ya jike, ila jeni ndani ya mbegu zake zimevurugika. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hivyo akikutana na dume huyo, uzazi umeishia hapo. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena.

Lakini miale haichagui pa kupiga. Inaweza kumdhoofisha dume mzima, akashindwa kushindana na wa mwituni. Je, kuna njia ya kugusa uzazi peke yake?

Hapo anaingia Drosophila, kile kinzi kidogo kinachozunguka ndizi zilizoiva sana jikoni kwenu. Kimechunguzwa maabara zaidi ya miaka 100. Saa chache tu baada ya yai lake kutagwa, seli kadhaa hutengwa upande wa nyuma. Hizo ndizo zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za kiume. Nyingine zinajenga macho, mabawa na kadhalika.

Jeni mojawapo inayosimamia kutengwa huko inaitwa tudor, jina la ukoo wa kifalme wa Uingereza uliokatika 1603 Malkia Elizabeth wa Kwanza alipofariki bila mtoto. Jike akiwa na hitilafu kwenye jeni hiyo, watoto wake wanaopona hukua bila seli za uzazi. Wajukuu hapati.

Jeni nyingine, ya beta-tubulini, inahitajika dume aunde mbegu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliikata kwa mkasi wa kijenetiki uitwao CRISPR. Papo hapo wakakata na jeni ambazo majike wanazihitaji ili wakue. Matokeo? Madume wazima, wenye nguvu za kuchumbia, lakini tasa. Na kwa kuwa hawazai, mabadiliko hayo yanakufa nao.

Hiyo ilikuwa kwa Drosophila, maabara. Siku mtu akitaka kuleta kitu kama hicho kwenye mashamba ya Kilifi au Kwale, sheria yetu ya 2009 inataka kwanza apate idhini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia. Na sisi tuwe na maswali tayari: Nani atalipa, mkulima au serikali? Nani atamiliki hao nzi? Wasiachwe wakubwa pekee wazungumze, wakati embe linaliwa na sote.

Kwa sasa, wakulima wanatumia mitego yenye harufu inayovutia madume, na wanaokota maembe yaliyoanguka. Nawe pia una kazi. Embe lenye funza usilirushe kichakani, maana wale funza wanataka mchanga tu wamalizie safari yao. Lifukie chini sana, au lifunge mahali pasipotoka kitu. Na ile ndoo ya mama wa Biashara Street, ikijaa, muulize inaenda kumwagwa wapi.