Mawaridi Nyumbani: Kuchagua Mche Bora na Kuutunza kwa Usalama

Kaunti ya Nakuru inajulikana katika masoko mengi duniani kwa sababu ya mawaridi. Maua yanayokuzwa kandokando ya Ziwa Naivasha husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na kwingineko. Hata hivyo, mkazi anayenunua mche mmoja kando ya barabara na kuupanda mbele ya nyumba mara nyingi huuona ukidhoofika baada ya miezi michache. Wengine, kwa kujaribu kuuokoa, hunyunyiza dawa yoyote wanayopata, huku sukuma wiki ya familia ikiwa hatua mbili kutoka hapo. Hasara zote mbili zinaweza kuepukika.

Kuchagua mche

Aina nyingi zinazokuzwa katika mashamba makubwa zilitengenezwa kwa ajili ya kivungulio: ua lenye shina refu, linalostahimili safari na kudumu siku nyingi ndani ya maji. Nje, kwenye mvua na upepo, nyingi za aina hizo husumbuka. Kwa bustani ya nyumbani, afadhali mwaridi wa kichaka unaotoa maua mengi madogo, au ule wa kutambaa kwa walio na ua au ukuta. Mwenye ploti ndogo au anayeishi kwenye nyumba ya kupanga anaweza kupanda aina fupi kwenye ndoo iliyotobolewa chini.

Hali ya hewa pia izingatiwe. Sehemu za Molo na Kuresoi zina baridi na mvua nyingi, na maua yenye petali nyingi zilizobanana huoza kabla ya kufunguka. Huko, maua yenye petali chache hufanya vizuri zaidi. Naivasha na Gilgil ni pakavu, na tatizo kubwa huwa ukungu mweupe wa majani na utitiri mwekundu.

Katika kitalu, mnunuzi asivutiwe na ua pekee. Mche mzuri una angalau matawi matatu imara yanayotokea karibu na chini, majani yasiyo na madoa, na mizizi isiyojizungusha ndani ya mfuko. Aulize pia kama mche umeunganishwa. Mche wa aina hiyo una sehemu mbili: mizizi ya mwaridi mgumu, kama vile Natal Briar, na juu yake aina yenye ua linalotakiwa. Mahali pa kuungana huonekana kama fundo.

Wanaofikiria kuzalisha miche ya kuuza wakumbuke kwamba aina nyingi mpya zina wenyewe. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea inalinda haki za wagunduzi wa aina hizo, na KEPHIS ndiyo taasisi inayosimamia haki hizo. Kuzalisha aina iliyolindwa kwa biashara bila idhini ya mwenye haki ni kosa.

Kupanda

Mwaridi unahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku, hasa la asubuhi, kwa sababu hukausha umande kwenye majani. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 45 hivi. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Fundo la kuungania libaki juu kidogo ya udongo. Kati ya mche na mche iachwe nafasi ya sentimita 60 hadi 90 ili hewa ipite. Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua, kwa kuwa mche hupata nafasi ya kushika kabla ya kiangazi.

Maji na chakula

Udongo wa majivu ya volkano, ulio katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, hupitisha maji haraka. Ni afadhali kumwagilia maji mengi mara mbili kwa wiki kuliko kidogo kila siku, kwa sababu maji yakifika chini mizizi nayo huyafuata. Maji yamwagwe kwenye shina asubuhi, wala si juu ya majani. Matandazo ya nyasi kavu hupunguza maji yanayopotea, lakini yasiguse shina. Maji ya kusuuzia mboga yanafaa. Yenye dawa ya kung'arisha nguo hayafai. Mboji ikiongezwa kila baada ya miezi miwili au mitatu hutosha kwa mimea mingi.

Kupogoa

Kwa kuwa hapa hakuna msimu wa theluji, mwaridi hauachi kukua, na kazi ya makasi haiishi. Ua likinyauka likatwe pamoja na sehemu ya shina, juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje. Mara nyingi maua mapya huonekana baada ya wiki sita hadi nane. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, matawi makavu, dhaifu na yanayosuguana yaondolewe. Chipukizi linalotokea chini ya fundo ling'olewe, kwa maana ni la ule mwaridi wa mizizi. Likiachwa, litanyonya nguvu yote na ua lililonunuliwa litapotea.

Wadudu, magonjwa na usalama

Vidukari huondolewa kwa maji yenye nguvu au maji yenye sabuni kidogo. Utitiri mwekundu hupenda vumbi na ukavu, hivyo kuosha upande wa chini wa majani mapema asubuhi husaidia. Majani yenye madoa meusi yaokotwe na kuzikwa mbali na bustani, wala yasitiwe kwenye mboji.

Iwapo dawa italazimu, iwe iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu, PCPB, na inunuliwe ikiwa katika chombo chake chenye lebo. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda isinunuliwe kamwe, kwani mtoto anaweza kuinywa. Dawa ya maua isinyunyizwe karibu na mboga. Ikiwa upepo umeipeleka kwenye sukuma wiki, mboga hizo zisiliwe. Chombo kitupu kisitumiwe kutekea maji, wala kisitupwe kwenye mtaro. Ziwa Naivasha, ambalo limo katika orodha ya Ramsar tangu mwaka wa 1995, hupokea mengi ya yale yanayooshwa na mvua kutoka mitaani.

Vilevile, petali za mawaridi ya dukani zisitumiwe kwa chai wala kupambia keki. Maua hayo hukuzwa kwa ajili ya kutazamwa, na huenda yamenyunyiziwa dawa ambazo hazikukusudiwa kwa chakula.

Mkazi asiyejua ugonjwa unaoshambulia mwaridi wake anashauriwa akate tawi lenye dalili, alifunge kwenye karatasi na kulipeleka kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua dawa yoyote.