Chungu cha Supu Kirudi Nyumbani

Ukipita katika kituo chochote kikubwa cha mabasi cha Dar es Salaam kabla ya saa moja asubuhi, iwe Mbagala, Buguruni au Manzese, hutakosa kuona sufuria kubwa iliyokaa juu ya moto ikifuka mvuke. Pembeni yake kuna mabenchi mawili, na juu ya mabenchi hayo wameketi wanaume wa kila kazi: waashi, madereva, makuli wa sokoni, makarani waliokwisha kufunga tai. Kila mmoja ameinamia bakuli lake la supu ya utumbo, ya kongoro au ya mbuzi, chapati mkono wa kushoto, ndimu na pilipili mbele yake. Wanakunywa haraka, wanajifuta jasho la uso, wanalipa na kuondoka. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Mtu hawezi kubeba mifuko ya saruji mchana kutwa hali tumbo lake ni tupu.

Lakini hebu tumfuate mmoja wao hadi nyumbani kwake. Saa hiyo hiyo watoto wake wanakunywa chai ya rangi na andazi, ikiwa andazi lipo, kisha wanashika njia ya shule. Mama yao naye hunywa kilichobaki. Siyo kwamba baba huyu hana mapenzi na jamaa yake. Aghalabu hajapata kuyaweka mabakuli hayo mawili sambamba akayatazama, lile la kibandani na lile la nyumbani.

Mama mmoja wa Temeke, ambaye mumewe ni fundi wa magari, alitueleza namna alivyoyaweka sambamba bila ya kugombana na mtu. Mumewe alikuwa akinywa supu kibandani siku sita za juma. Mama yule hakumlaumu. Alimwomba fedha za siku mbili tu kati ya hizo sita, akamwambia kwamba ana haja nazo. Kwa fedha hizo alinunua kongoro moja, viazi na vitunguu. Jumamosi usiku aliliweka jikoni, na Jumapili asubuhi watu sita wa nyumba ile walikunywa supu wakashiba. Juma la pili akafanya vivyo hivyo. Juma la tatu mumewe akauliza supu hii inatoka wapi. “Inatoka katika mabakuli yako mawili,” mama akamjibu.

Hatusemi haya ili kumwongezea mama mzigo mwingine juu ya ile aliyo nayo. Jambo la ajabu ni kwamba katika vibanda vingi vya supu anayechochea moto, anayepasua mifupa na anayekoroga sufuria ni mwanamume. Lakini mwanamume huyo huyo jikoni kwake hajulikani hata mahali mwiko unapowekwa. Sufuria haimwulizi mpishi wake kama ni mume au mke.

Sasa tuseme juu ya supu zenyewe. Mtu wa mjini hudhani kwamba supu ni ile ile mwaka mzima. Wazee wa pwani, waliouhesabu mwaka kwa pepo za kusi na kaskazi, walijua kwamba kila majira yana chungu chake, kwa sababu rahisi: kitu kilicho katika msimu wake ndicho kilicho kizuri, tena ndicho kilicho rahisi kwa bei.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mboga za majani hustawi. Mchicha, tembele na majani ya maboga hujaa sokoni, na baadaye maboga yenyewe hufuata. Boga lililoiva vema, likichemshwa na kitunguu na kipande cha tangawizi, likapondwa na kuongezwa tui la nazi, ni supu ambayo hata mtoto anayekataa kila kitu huinywa. Majani nayo yatiwe mwishoni kabisa, dakika chache kabla ya kuepua, maana vitamini C iliyomo hupotea upesi katika moto. Ukikamulia ndimu mezani utakuwa umefanya jambo jema zaidi, kwa kuwa vitamini C ya ndimu huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika majani na katika jamii ya kunde. Akina mama wajawazito hasa walikumbuke jambo hili.

Tahadhari moja katika supu ya maharage mekundu. Maharage haya yakiwa mabichi yana sumu ambayo huondoka tu kwa kuchemshwa kwa nguvu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, weka maji mapya, kisha acha yatokote barabara kwa muda usiopungua dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Anayeyaweka juu ya moto hafifu tangu mwanzo, akidhani anabana matumizi ya mkaa, anaweza kuwatapisha watu wa nyumba nzima.

Kipupwe ndicho chenye supu hasa. Kuanzia Juni hadi Agosti hata sisi wa Dar es Salaam hujifunika shuka alfajiri, seuze ndugu zetu wa Njombe, Makete na Mbeya ambao baridi yao si ya mchezo. Huu ndio wakati wa kongoro. Wengi huliogopa wakidhani lina kazi kubwa, na kweli lina kazi, lakini kazi yenyewe ni ya moto zaidi kuliko ya mpishi. Mwambie mwuza nyama akupasulie. Nyumbani libabue manyoya yaliyosalia, likwangue kwa kisu, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na ndimu. Lianze katika maji baridi, likichemka uengue povu, kisha upunguze moto na kuliacha kwa saa tatu au nne likitokota polepole. Utomvu ule unaonata midomoni hutoka katika ngozi na mishipa, ambayo haiyeyuki kwa haraka. Kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga zatosha. Chumvi itiwe mwisho, tena kidogo, kwa maana maji hupungua kadiri supu inavyotokota lakini chumvi haipungui. Supu iliyoonjwa saa mbili asubuhi ikawa sawa, saa tano itakuwa maji ya bahari.

Suala la moto ni zito kwa nyumba nyingi. Saa nne za mkaa ni fedha, na saa nne za mtungi wa gesi ni fedha zaidi. Serikali katika mkakati wake wa mwaka 2024 imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na si vigumu kwa yeyote aliyepata kuchochea mkaa wenye moshi katika chumba kimoja kuona faida yake. Mwenye sufuria ya presha hulimaliza kongoro kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Majirani wawili wakichangia sufuria moja kubwa, au wakiazimana sufuria ya presha, hesabu hubadilika kabisa. Katika ua mmoja wa Magomeni tumeona nyumba tatu zikipika kwa zamu: juma hili kongoro la huyu, juma lijalo kuku wa yule.

Kipupwe pia ndicho kinachonikumbusha mtori wa Wachagga wa Kilimanjaro, ingawa wenyewe hawangojei baridi. Kwao mtori ni chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua, mama mkwe na majirani humjia na chungu cha ndizi na nyama ili arudishe nguvu na apate maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Ndizi zinazopendwa ni zile ziitwazo mshare. Chemsha nyama yenye mifupa hadi ilainike. Menya ndizi mbichi uzitumbukize katika maji zisiwe nyeusi, kisha uzipike katika supu ile ile pamoja na kitunguu. Zikiiva, toa mifupa, ponda ndizi kwa mwiko hadi ziwe laini, rudisha nyama iliyochambuliwa, ongeza siagi au maziwa. Usiwe mzito kama ugali wala mwepesi kama chai. Siku hizi utaukuta mtori katika mikahawa ya kila mji wa nchi hii, na Mgogo na Mmakonde huuagiza kwa jina lake la Kichagga. Hata hivyo mtori wa mkahawani hauna yule mtu anayeketi kitandani kwa mzazi na kumpokea mtoto mikononi ili mama apate kula kwa utulivu, na hiyo nadhani ndiyo nusu ya dawa.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, tusiikawie. Embe mbichi zinapoanza kuanguka, wapenzi wa urojo wa Zanzibar hufurahi, maana ukali wa embe ndio uhai wa supu ile ya manjano inayomiminiwa juu ya viazi, kachori na bajia. Asiye na embe hutumia ukwaju.

Kaskazi likivuma na kiangazi kikakaza, hakuna anayetamani kongoro adhuhuri. Wakati huu bahari imetulia kuliko siku za kusi na wavuvi wa ngalawa huenda mbali. Nunua kichwa cha changu au cha chewa, ambacho wenye fedha hukiacha. Toa matamvua, kwani ndiyo yaletayo uchungu, osha damu yote, kisha chemsha na nyanya, bizari, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuka. Hapa mambo ni kinyume cha kongoro: dakika ishirini au ishirini na tano zatosha, na ukizidisha supu huharibika ladha. Pweza naye hupatikana zaidi siku za bamvu, maji yanapokupwa mbali na akina mama wa pwani wakatoka na vijiti vyao kumtafuta katika mashimo ya miamba. Apigwe vema kabla ya kupikwa, la sivyo utatafuna hadi magharibi. Sifa nyingine za supu ya pweza, zile zinazonong’onwa na wanaume jioni barabarani, nimegundua kwamba anayezisema kwa sauti zaidi ni yule anayeiuza.

Mwezi wa Ramadhani hauna majira. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, mwezi huo huzunguka, na mfungaji mmoja katika maisha yake hufuturu kwa supu ya masika, ya kipupwe na ya kiangazi. Tende, kisha bakuli dogo la supu nyepesi, na tumbo lililolala kutwa huamka bila kushtuka.

Iwe majira gani, joto letu si rafiki wa supu iliyolala. Supu ya nyama isiachwe mezani kwa zaidi ya saa mbili. Mwenye jokofu aigawe katika vyombo vidogo ipoe upesi. Asiye nalo apike ya kumaliza, au amwite jirani. Wako wanaoamini kwamba kuichemsha tena asubuhi kunatosha. Haitoshi kila mara, kwa sababu baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyovunjwa na moto.

Kuhusu chumvi sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Shangazi yangu alipolazwa kwa ajili ya shinikizo la damu, niliamka saa kumi usiku kumpikia kongoro, kwa mapenzi yote, nikalikoleza kama anavyolipenda. Nilipofika wodini na chupa yangu, muuguzi alionja kijiko kimoja akanitazama kama mtu niliyeleta sumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, nacho ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyake vyote. Mimi nilikuwa nimetia vitatu katika chupa moja. Vivyo hivyo wenye ugonjwa wa jongo huzidishiwa maumivu na supu za maini, figo na nyama nyingine za ndani. Kabla ya kumpelekea mgonjwa supu, muulize kwanza muuguzi, au mtu anayemwuguza.

Shangazi alikasirika, lakini hakunikasirikia mimi. Alimwambia muuguzi, “Mwache mwanangu, amekuja na jua lote hili.” Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanusa mvuke wake kwa muda mrefu, kisha akanirudishia bila ya kunywa.

Siku ya pili nilirudi na supu ya kuku wa kienyeji isiyo na chembe ya chumvi: tangawizi, kitunguu saumu, majani ya kotimiri na ndimu mbili. Alikunywa yote. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akalitazama bakuli, akaniuliza kwa sauti ya chini, muuguzi asisikie, ile ya jana nimempa nani.