Kumnunulia Mgonjwa Wako Bangi ya Tiba: Mambo ya Kujua Kabla Hujajiandikisha Kuwa Mtunzaji

Majimbo mengi ya Marekani yanamruhusu mgonjwa kutumia bangi kwa idhini ya daktari. Mengi kati ya hayo yanaruhusu pia mtu mwingine amnunulie, akiwa ameandikishwa kuwa mtunzaji wake. California ndiyo iliyotangulia, kwa kura ya mwaka 1996. Mtunzaji anaweza kuwa mtoto wa mgonjwa, mke, mume, mkwe au hata jirani anayeaminika.

Makala hii ni kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi huko na wanaomuuguza mtu nyumbani. Mfano wetu ni Pennsylvania, kwa kuwa familia nyingi kutoka Kongo zimepewa makazi katika miji yake kama Erie, Lancaster na Pittsburgh. Majimbo mengine yana taratibu zake, kwa hiyo soma za kwako.

Kuna jambo moja tunalitanguliza kwa sababu linaweza kukugharimu kuliko pesa. Kama wewe si raia wa Marekani, usijiandikishe kuwa mtunzaji kabla hujazungumza na wakili wa uhamiaji.

Kwa nini uraia unaingia hapa

Bangi ya tiba inagusa sheria mbili kwa wakati mmoja. Jimbo linakuruhusu. Serikali ya shirikisho, kwa sheria ya dawa zinazodhibitiwa ya mwaka 1970, iliiweka bangi kwenye jedwali la kwanza, pamoja na heroini. Mwaka 2024 serikali hiyo ilipendekeza kuihamishia jedwali la tatu, lakini kuhama jedwali si kuondolewa kwenye orodha. Na mambo ya uhamiaji yote, kuanzia kadi ya kijani hadi uraia, yanaamuliwa kwa sheria ya shirikisho.

Mwezi Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo uliosema wazi kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema, hata kama alichofanya kinaruhusiwa na jimbo lake. Kinachowashangaza wengi ni kwamba si lazima uwe umehukumiwa mahakamani. Kukiri tu mbele ya afisa kwamba ulifanya kitendo hicho kunaweza kutosha. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kusambaza au kuuza dawa zinazodhibitiwa, na ukidanganya hapo umeongeza kosa la pili.

Mtunzaji ana tatizo lake la ziada. Sheria ya kufukuzwa nchini ina nafuu kidogo kwa mtu aliyehukumiwa mara moja tu kwa kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Mtunzaji hanunui kwa matumizi yake. Ananunua na kumkabidhi mwingine, na machoni pa sheria ya shirikisho hiyo inaweza kuitwa kusambaza, hata kama aliyekabidhiwa ni mama yake mzazi aliyelala kitandani.

Tangu mwisho wa 2014 Bunge la Marekani limekuwa likiizuia wizara ya sheria kutumia fedha zake kuingilia mipango ya majimbo ya bangi ya tiba. Wapo wanaokutuliza kwa habari hiyo. Ni habari ya kweli, lakini kizuizi hicho hakiwagusi maafisa wa uhamiaji.

Tuseme basi mama ana saratani, kijana mkubwa ana kadi ya kijani, na binti wa miaka 23 alipata uraia baba yao alipoapa. Kijana ndiye mwenye gari na ndiye aliyezoea kumpeleka mama hospitali, hivyo kila mtu anamtazama yeye. Ushauri wetu ni kwamba aandikishwe binti, na kaka yake asishike hata mfuko wa kutoka dukani. Kama mama naye si raia, wakili anahitajika kwa ajili yake pia, kwa sababu kadi ya mgonjwa ina hatari zilezile. Mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi yana mawakili wa bure au wa bei nafuu, kwa hiyo anzia hapo.

Anza na daktari wa mgonjwa

Kabla ya kadi yoyote, muulize daktari anayemtibu mgonjwa kama bangi ina sababu ya kutumika. Mwaka 2017 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti nyingi na kukuta ushahidi mzuri katika mambo machache: maumivu sugu kwa watu wazima, kichefuchefu na kutapika kunakoletwa na dawa za saratani, na kukaza kwa misuli kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao sklerosisi. Haitibu saratani yenyewe. Anayekuambia inaitibu anataka kukuuzia kitu.

Selimundu imo kwenye orodha ya magonjwa yanayokubaliwa Pennsylvania, pamoja na saratani, kifafa, Virusi vya UKIMWI na maumivu makali ya kudumu. Kuwamo kwenye orodha si ushahidi kwamba inasaidia. Kwa selimundu tafiti bado ni chache, na mtoto mwenye selimundu asiachishwe dawa zake za kawaida kwa sababu ya kadi hii.

Uliza pia kuhusu dawa za famasi zilizotokana na kemikali za bangi au kutengenezwa kwa mfano wake. Dronabinoli iliidhinishwa mwaka 1985 na hutumika kwa kichefuchefu cha tiba ya saratani. Epidiolex iliidhinishwa mwaka 2018 kwa aina fulani za kifafa kikali cha watoto. Hizi huandikwa kwa cheti cha kawaida na huchukuliwa famasi ya kawaida, na bima huweza kulipa. Hazihitaji kadi ya jimbo wala hazina ule mtego wa uhamiaji. Kwa familia isiyo na raia hata mmoja, tungependa swali hili liulizwe kwanza.

Omba mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali inatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo. Mjukuu wa miaka kumi na miwili asiwe ndiye wa kumtafsiria bibi habari hizi.

Kadi zinavyopatikana

Pennsylvania, mgonjwa hujiandikisha kwenye tovuti ya idara ya afya ya jimbo kwa kutumia kitambulisho cha jimbo. Kisha huonana na daktari aliyesajiliwa katika mpango huo (si kila daktari amesajiliwa), ambaye humthibitishia ugonjwa wake. Halafu hulipia kadi, dola 50 kwa mwaka. Wanaopata Medicaid au msaada wa chakula wa SNAP hupunguziwa.

Mtunzaji hujiandikisha peke yake. Anatakiwa awe na miaka 21 au zaidi na achunguzwe rekodi ya makosa ya jinai, pamoja na alama za vidole zinazopitishwa kwenye kumbukumbu za FBI. Aliyehukumiwa kwa kosa la dawa za kulevya lililotendeka ndani ya miaka mitano hakubaliwi. Akishakubaliwa, mgonjwa humwongeza kwenye akaunti yake. Mgonjwa aliye chini ya miaka 18 ni lazima awe na mtunzaji, na kwa kawaida huwa ni mzazi au mlezi wake wa kisheria.

Siku ya kununua

Kwa Kiingereza duka hili huitwa dispensari, jina ambalo kwetu ni la zahanati. Usilichanganye. Hapo hakuna daktari wa kumpima mtu. Yupo mfamasia au mhudumu mwingine wa afya wa kuulizwa, ana kwa ana au kwa njia ya video, na ni haki yako kumtaka yeye badala ya muuzaji wa kaunta. Mpe orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa. Mtaje hasa warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, na klobazamu ya kifafa, kwa sababu CBD inaweza kuziongezea nguvu mwilini.

Utasikia herufi mbili zikitajwa tena na tena. THC ndiyo inayolevya, na CBD hailevyi. Kwa mzee asiyewahi kutumia bangi, omba yenye THC kidogo kabisa. Akizidishiwa anaweza kuchanganyikiwa, moyo ukaenda mbio, akaanguka njiani kwenda chooni. Kumvunja nyonga ni rahisi kuliko kumponya.

Kuna matone ya chini ya ulimi, vidonge, mafuta, malhamu na majani makavu. Pennsylvania hairuhusu kuyavuta majani kwa moto. Hupashwa kwa kifaa cha kutoa mvuke. Kinachomezwa huchelewa kufanya kazi, pengine hadi saa mbili, na hapo ndipo watunzaji wengi hukosea: wanaona dawa imekataa, wanaongeza nyingine, kisha zote mbili zinapanda pamoja. Andika kwenye daftari saa na kiasi, na usiongeze siku hiyo.

Bima hailipi. Maduka mengi hupokea pesa taslimu au kadi ya benki tu, kwa hiyo uliza bei kabla ya kusafiri.

Baada ya kufika nyumbani

Iache kwenye kifungashio chake chenye lebo na uifungie kwenye kasha lenye ufunguo, si juu ya kabati. Mtoto akila, piga simu kituo cha sumu, 1-800-222-1222, saa yoyote. Wana wakalimani. Kama hazinduki au anapumua kwa shida, piga 911.

Kabla ya kuileta, soma mkataba wa nyumba. Nyumba zinazolipiwa kwa ruzuku ya serikali ya shirikisho haziiruhusu bangi hata kwa mwenye kadi, na familia inaweza kupoteza makazi. Mgonjwa aliyeitumia asiendeshe gari. Usivuke nayo mpaka wa jimbo, hata kama jimbo la pili nalo linairuhusu.

Na usimpelekee shangazi aliyeko nyumbani, kwa posta wala kwenye begi. Kenya ina sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994 na Tanzania ya 2015, na kadi ya Pennsylvania haitambuliki katika uwanja wa ndege wa Nairobi wala Dar es Salaam.

Mgonjwa akifariki au akiacha kuitumia, usibaki na kilichosalia na usimpe mgonjwa mwingine. Uliza duka au idara ya afya jinsi ya kukiharibu, kisha ujiondoe kwenye orodha ya watunzaji.